Ruhusa ya Kumsikiliza Fundi

"Hivi mwenzangu, tangu lini mtu akaomba ruhusa ya kumsikiliza mume wake?"

Aliyeuliza hivyo ni jirani yetu tuliyezoea kumwita Redio, kwa sababu habari ikiingia kwake hailali. Aliuliza siku ya pili baada ya maziko, mbele ya wanawake wote tuliokaa mkekani, na aliyeulizwa alikuwa mfiwa mwenyewe, Mama Pazia. Mfiwa alikuwa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha, anatazama sufuria iliyokuwa mlangoni. Alisema tu, "Sufuria ile ifunikwe, nzi wanaingia."

Nimeona niandike habari zake kwa sababu wengi wanazijua kwa namna ya Redio, na kwa namna hiyo Mama Pazia anaonekana mtu wa moyo mkavu. Mimi nimekaa naye katika kikundi chetu cha maigizo miaka mingi, mimi mtu wa nguo, yeye mtu wa pazia, na nguo na pazia havikai mbalimbali. Ninachokiandika nimekiona, na pale nisipoona nimeambiwa na yeye mwenyewe.

Siku za kazi alikuwa akipiga pasi kwa dobi. Jumamosi mchana alikuja ukumbini, ule ukumbi wa mabati wenye mabenchi marefu, akakaa kwenye kigoda nyuma ya pazia na kitabu cha mchezo magotini. Kazi zake zilikuwa mbili. Ya kwanza, kuvuta kamba pazia lifunguke na lifungike. Ya pili, kumtupia neno mwigizaji aliyesahau, taratibu, mtazamaji asijue. Hiyo ya pili ni kazi ngumu kuliko unavyodhani. Ukiwahi, unamkatiza mtu aliyenyamaza makusudi. Ukichelewa, mtu anabaki amesimama kama nguzo. Mama Pazia hakuwahi wala hakuchelewa. Alikuwa akitazama mabega yao, aliniambia. Aliyesahau mabega hupanda.

Mume wake alikuwa seremala, sote tukimwita Fundi. Jukwaa lile alilijenga yeye. Alianza kuota mvi akiwa kijana, basi kila mzee aliyetokea kwenye mchezo akapewa yeye. Mwalimu wetu, mstaafu anayetuongoza, alikuwa akimtania, "Fundi, wewe umekuwa babu kabla ya kuwa bwana harusi." Naye hujibu, "Mwalimu, wengine tunaanzia juu kuteremka." Mungu hakuwajalia mtoto. Hilo lilikuwa zito siku za mwanzo, baadaye walilizoea, au walituonyesha hivyo.

Sasa nieleze habari ya ruhusa, maana hapo ndipo watu wanapopotea.

Zamani sisi tulikuwa tukiigiza chochote. Mwalimu akipata andiko, ananakili kwa mkono, tunagawana, tunaigiza. Tuliona mchezo ni kama wimbo wa kubembelezea mtoto, hauna mwenyewe. Jumamosi moja Mama Pazia alikuwa mlangoni anakata tiketi, akaja mzee mwembamba, shati limenyooshwa vizuri, mfukoni ana ile miwani ya mafundi saa. Akauliza, "Leo mnacheza mchezo gani?" Akatajiwa. Akatabasamu, akafungua leso yake, akalipa kama watu wote, akaenda kukaa benchi la nyuma kabisa. Mama Pazia alimwona midomo yake ikitembea. Yale maneno aliyasema yeye kwanza, ndipo waigizaji wakayasema.

Alipotoka alisimama mlangoni kidogo. "Pale kisimani mmekata," alisema. "Yule binti husema jambo kabla ya kuondoka."

"Kumbe umeusoma mchezo huu, baba?"

"Niliuandika."

Mama Pazia alimkimbilia na pesa yake ya kiingilio mpaka kwenye kona. Mzee akakataa kuipokea. "Nimeona, nimelipa. Basi," akaenda zake. Hakudai, hakufoka, hakurudi tena.

Kitu hicho hakikumtoka. Alikuwa akisema, "Mtu alilipa kiingilio kuangalia mali yake mwenyewe, na mkono uliopokea ni huu." Mchezo uliofuata alimwambia Mwalimu kwamba hatavuta tena pazia la mchezo ambao mwenyewe hajaulizwa. Mwalimu akacheka, akadhani ni utani. Jumamosi ikafika. Watu wamejaa, waigizaji wamejipanga, pazia limefungwa.

"Vuta!" Mwalimu ananong'ona.

"Umeuliza?"

"Mama, watu wamekaa!"

"Nawaona. Umeuliza?"

Siku ile watu walirudishiwa viingilio, na Mwalimu hakumsemesha mpaka nguo za mchezo ule zikachakaa sandukuni. Lakini tangu hapo tukawa watu wa mikataba. Mwalimu anamtafuta mwenye mchezo, wanakubaliana, kikundi kinatia sahihi, na mmoja wa wanaotia sahihi ni Mama Pazia, polepole, kama mtu anayedarizi.

Mchezo wa mwaka ule wa msiba uliandikwa na mama mmoja mtu mzima anayeishi mji mwingine. Ni habari ya baba anayerudi kwake baada ya miaka mingi na kukuta watoto wamegawana nyumba, hata milango wamegawana. Mwishoni anasema, "Basi nipeni kiti changu. Nitakaa nje, mlango uwe wazi." Hapo pazia linafungwa. Mkataba wake ulikuwa mfupi. Tumlipe haki yake kwa kila onyesho, wenyewe wanaita mrabaha. Tusikate neno wala kuongeza. Mwanamume aigizwe na mwanamume, mwanamke na mwanamke, kama alivyoandika. Tusirekodi, wala mtazamaji asirekodi. Tuliruhusiwa Jumamosi nne.

Kwa hilo la kurekodi tulikuwa na kapu. Kila anayeingia anaacha simu yake kapuni, anapewa kipande cha kadi chenye namba, akitoka anachukua. Watu walinung'unika, kisha wakazoea. Wengine walikuwa wakisema kwamba raha ya kwenda kwa Mama Pazia ni kupumzishwa simu. Mlinzi wa kapu alikuwa wifi yake, dada wa Fundi, mwanamke mnene mcheshi mwenye kumpenda kaka yake kupita kiasi. Tulimweka yeye kwa sababu hakuna ambaye angethubutu kubishana naye.

Fundi ndiye alikuwa baba wa mchezo ule. Na palikuwa na jambo moja. Kila mara alipofika mwisho, akisema "Nitakaa nje," alinyamaza. Aligeuza kichwa kidogo kuelekea pazia, na Mama Pazia alimtupia, "mlango uwe wazi," naye akayasema. Kwenye mazoezi hivyohivyo. Maneno matatu yanamshinda! Mwalimu alichoka kumgombeza. "Fundi, una kichwa au una kinu?" Watazamaji walidhani ndivyo ulivyoandikwa, mzee anatafuta neno, na wengine walikuwa wakilia hapo.

Tulicheza Jumamosi ya kwanza, tukacheza ya pili. Siku mbili baadaye Fundi alikaa kwenye kiti alichokuwa akikipiga msasa karakanani, na mwenzake wa kazi akadhani amepumzika. Alipomletea chai ndipo akajua.

Walimfuata Mama Pazia kwa dobi. Mimi nilikuwapo, nilikuwa nimepeleka nguo za mchezo. Aliambiwa akiwa na pasi mkononi, shati la mtu liko mezani nusu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamalizia ule mkono wa shati, akaugeuza, akaupitisha tena, akalitundika shati, akachomoa pasi ukutani, akasema, "Twendeni." Hilo la mkono wa shati lilizunguka mtaani kabla hatujafika nyumbani. Watu walilisema vibaya. Mimi namwachia Mungu, maana yeye ndiye anayejua binadamu anaposhikwa na jambo mwili unafanya nini.

Hakulia siku ile wala kwenye maziko. Alikula akipewa, akalala akiambiwa alale. Ukimwuliza jambo, anajibu la mbele yake. Chumvi imeisha. Mlango unalia, utiwe mafuta. Nilikuwa nikimshika mkono, uko kama kitambaa kilichokamuliwa.

Ndipo siku ya pili baada ya maziko wifi yake akaja na simu yake ameikumbatia kifuani.

"Wifi," akasema, "kaka yumo humu."

Wanawake tukamsogelea.

"Jumamosi iliyopita. Nilikuwa na kapu magotini, simu yangu iko juujuu. Nikasema moyoni, kaka yangu leo anaigiza kama malaika, nisimchukue hata kidogo? Nimeuchukua mwisho wote. Na wewe umo, wifi. Unasikika unamwambia."

Fisi alikuwa amekabidhiwa bucha, na sisi ndio tuliomkabidhi. Lakini siku ile nani angemlaumu? Fundi alikuwa na kile kisimu chake cha tochi, hakuwahi kurekodiwa popote. Harusi yao ilikuwa na picha moja, ya karatasi, na ndani yake amefumba macho. Hakuacha mtoto mwenye sauti yake kooni. Sauti yake ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani, na mahali penyewe ni ile simu.

"Weka tusikie!" wakasema. "Weka, mama, weka!"

Mama Pazia alinyoosha mkono akaufunika uso wa simu kwa kiganja.

"Kwanza niulize."

"Umuulize nani?"

"Mwenye mchezo."

Hapo ndipo Redio alipouliza swali lake, na sufuria ikafunikwa. Lakini wifi hakuweza kuvumilia. Alisimama, kanga imemshuka begani. "Kaka yangu huyu! Tumenyonya ziwa moja! Niombe ruhusa kwa mtu nisiyemjua hata sura?"

"Kaka ni wako," Mama Pazia alisema, bila kupandisha sauti. "Maneno aliyokuwa akiyasema yana mwenyewe. Na sisi tulitia sahihi."

"Wewe mwanamke una jiwe humu," wifi akasema, akijipiga kifuani pake mwenyewe. Lakini simu hakuiwasha. Alimwogopa, nadhani, au alimheshimu.

Jioni mwenzake Fundi wa karakanani alikuja na zana za marehemu, randa, misumeno, na kile kiti, amekimalizia yeye. Alikaa, akatafuta la kusema, akasema, "Tutayakumbuka maneno yake. Mlango uwe wazi. Kutwa akiranda mbao anaimba hilo tu, mpaka nikamwambia funga huo mlango tufanye kazi."

Nilimtazama Mama Pazia. Maneno yale matatu ambayo hayakumkaa Fundi kichwani mbele ya watu, kumbe yalimkaa. Alikuwa akinyamaza ili aambiwe.

"Haya," alisema Mama Pazia. "Kiti kiwekwe pale."

Siku zilizofuata Mwalimu alimjia kwa upole. "Dada yangu, mama yule anakaa mbali. Simu haitatoka ndani ya chumba hiki. Nani atajua?"

"Mwalimu, watu wangapi tumewanyang'anya simu zao mlangoni?"

"Wote."

"Wangapi walikuwa na wazazi jukwaani, na watoto, wanataka kuwachukua?"

Mwalimu akakuna kichwa. "Wengi."

"Basi nipigie simu."

Tulipiga tukiwa chumbani kwangu kwa kushonea, simu ya Mwalimu mezani kati ya mikasi na chaki, sauti imefunguliwa. Yule mama mwandishi alikuwa na sauti ya taratibu, nyuma yake kuku wanalia. Alisikiliza yote. Alitoa pole kwa maneno mengi mazuri. Kisha tukasikia kuku tu.

"Mwanangu," akasema, "ingekuwa ni mimi peke yangu, ningekwambia isikilize mpaka uzeeke. Lakini mchezo huu nimewapa watu watakaoutengeneza filamu. Nami nimetia sahihi kwamba hakutabaki rekodi yake kwa mtu yeyote. Siwezi kukupa nilichokwisha kukitoa. Nipe siku chache niwaulize."

"Ahsante, mama. Tunangoja."

Tulingoja. Mama Pazia alirudi kwa dobi, akapiga pasi. Watu walisema mapema mno. Wifi hakuja, lakini nilijua kwamba hajaitazama ile rekodi, kwa sababu alinitumia ujumbe akiniuliza kama jibu limepatikana. Redio alipita kila asubuhi na beseni lake kichwani. "Wamekuruhusu kuwa mjane, au bado unajaza fomu?" Mama Pazia alimwitikia salamu.

Nilimwuliza siku moja, tukikunja shuka, yeye pembe hii mimi pembe ile, kama wakimkatalia itakuwaje. Aliendelea kukunja. "Sijui," akasema. "Sisikii kitu. Naingoja niisikie na huku sisikii kitu."

Jibu likaja. Mama mwandishi alipiga mwenyewe. Wenye filamu walitoa pole, lakini hapana. Waliwahi kuponzwa na kipande kilichosambaa, kidogo hivyohivyo, cha msibani hivyohivyo. "Mwanangu," akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka, "isikilize mara moja tu, kisha uifute. Hilo nitalibeba mimi."

Mama Pazia alifikiri. Alikuwa ameshika kipande cha chaki yangu, anakizungusha.

"Hapana, mama. Nikiisikia sitaifuta. Najijua."

Alimwita wifi jioni ileile. Wifi alikuja na macho yamevimba kabla hata ya kuambiwa. Walikaa kitandani wawili, mimi nikiwa kwenye kile kiti cha Fundi, maana hapakuwa na pengine pa kukaa.

"Nibonyeze pa kufuta?" wifi akauliza.

"Bonyeza."

"Wifi."

"Bonyeza, mama."

Akabonyeza. Mama Pazia akauliza, "Na kule kwenye taka ya simu? Vitu hukaa kule."

Wifi alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi. Akaingia kule, akafuta tena. Halafu akalia, kilio kile cha kutoka tumboni, akaanguka begani kwa Mama Pazia, naye akampapasa mgongo, "Haya, haya," macho yake mwenyewe makavu, yanatazama ukutani palipotundikwa kile kisimu cha tochi kwenye msumari. Nilisali kimya. Sikujua niombe nini, nikaomba tu Mungu awepo.

Sasa zilibaki Jumamosi mbili. Mama mwandishi alitusogezea tarehe wala hakutudai kitu. Mwalimu alianza kutafuta baba mwingine. Alikuja kinyozi, akasoma maneno ya baba kama anayetangaza kupotea kwa ng'ombe. Alikuja muuza nyama, sauti nzuri, lakini kila akisema "watoto wangu" anacheka. "Samahani, Mwalimu, nikiwafikiria wangu wa kweli nacheka." Akaja mtu wa tatu, fundi baiskeli, na huyu alikuwa mzuri. Alifika mpaka mwisho bila kosa. "Basi nipeni kiti changu. Nitakaa nje, mlango uwe wazi." Moja kwa moja, hakusimama popote, kama ilivyoandikwa.

Nyuma ya pazia tulisikia kigoda kikisogea. Mama Pazia alitoka, kitabu mkononi. Alimwambia yule fundi baiskeli, "Umesema vizuri, baba. Hukukosea." Jumamosi ya tatu akavutia pazia mchezo wa mtu yule, akavuta vizuri, na watu wakapiga makofi. Lakini mwishoni, neno lilipopita bila kusimama, niliona midomo yake imefunguka tayari, na haikuwa na wa kumpa.

Tulipokuwa tukikunja nguo aliniambia, "Lete simu yako." Akakaa kwenye ukingo wa jukwaa alilolijenga mume wake, miguu inaning'inia, ukumbi mtupu, mabenchi yamepinduliwa kwa ajili ya kufagiliwa. Mwalimu alisimama na ufagio. Wifi alikuwa na kapu lake, limebaki na kadi tu. Akampigia mwandishi. Kuku wakasikika, kisha sauti ya yule mama.

Mama Pazia alisema hivi, nami nayaandika kama alivyoyasema:

"Mama, mkataba unasema baba aigizwe na mwanamume, nami nilitia sahihi. Nina ombi. Jumamosi ya mwisho, naomba kiti cha baba kiwekwe jukwaani kitupu, na maneno yake niyaseme mimi, nikiwa palepale nyuma ya pazia. Sitaongeza neno wala kupunguza. Ukikataa, fundi baiskeli yupo, tutacheza kama ulivyoandika."